Usukani Hupimwa kwa Mabega, Haupimwi kwa Mtindo

Wazee wetu wa pwani walilijua neno usukani baharini kabla ya kulijua barabarani. Usukani ni ule ubao wa nyuma ya jahazi unaokiongoza chombo, na mpini wake huitwa kana. Baiskeli ilipoingia katika nchi zetu, watu hawakuhangaika kuutafutia jina jipya ule mti wa chuma unaoshikwa kwa mikono miwili. Waliliazima neno la mabaharia, na hapana shaka walipatia. Kazi ni ile ile ya kuelekeza chombo, na kanuni ni ile ile. Kana ikiwa ndefu, mkono haupati taabu kuugeuza usukani, lakini hulazimika kwenda mbali ndipo chombo kigeuke. Kana ikiwa fupi, chombo hugeuka upesi, lakini mkono hutaabika.

Iko tofauti moja tu, nayo ni kubwa. Mshika usukani wa jahazi haulalii usukani wake. Mpanda baiskeli huulalia. Sehemu ya uzito wa mwili wake imekaa juu ya viganja, na kila jiwe linalogongwa na gurudumu la mbele hupeleka habari zake mpaka mabegani. Kwa sababu hiyo mpanda baiskeli anahitaji usukani unaolingana na mwili wake, kama anavyohitaji kiatu kinacholingana na mguu wake.

Jambo hili lastahili kuzungumzwa kwa ajili ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaozipanda baiskeli za milimani pale hasa zilipokusudiwa: katika vijia vya mawe, mizizi na mchanga, mfano wa vijia vya milima ya Usambara. Kijana akienda kununua baiskeli au kuibadilisha vifaa, husikia neno moja kila mahali, kwamba usukani mpana ndio bora, na ukizidi kuwa mpana huzidi kuwa bora. Sisi twasema kwamba shauri hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli penye mteremko mkali yaweza kumvunja mtu mfupa.

MTINDO ULIVYOYUMBA

Yafaa kwanza tuitazame historia, kwa maana mtu asiyejua mtindo ulikotoka hudhani kwamba mtindo ni sheria.

Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin katika jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco, walizifufua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, aghalabu zile za Schwinn zenye matairi manene, wakawa wanateremka nazo katika vilima vya karibu na mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano yaliyoitwa Repack, katika njia inayoshuka kiasi cha mita 400 kwa mwendo wa kilomita tatu na kitu. Jina hilo lilitokana na breki za siku hizo, ambazo zilikuwa ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma. Kufika chini, grisi yote imekwisha kuungua, na ilibidi kikombe kifunguliwe na kujazwa upya. Miongoni mwa vijana hao walikuwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, ambao majina yao hayatengani na historia ya mchezo huu.

Baiskeli zao zilikuwa nzito, na walizifunga sukani pana na mikono ya breki ya pikipiki ili waweze kuzitiisha. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mahsusi kwa kazi hiyo, iliyokuja kuitwa Breezer, na mwaka 1979 Fisher na Kelly wakaanza kuuza baiskeli zilizojengwa kwa fremu za Tom Ritchey. Kwa hiyo baiskeli ya milimani ilizaliwa na usukani mpana.

Yakaja mashindano makubwa. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia yalifanyika Durango, katika jimbo la Colorado, mwaka 1990, na mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Katika zama hizo aliyesifiwa ni yule apandaye kilima kwa kasi. Wapandaji wakajinyoosha na kuinama kama wale wa barabara ya lami, wakaikata mirija ya sukani mpaka ikabaki milimita 560 au 580, na kuifunga kwa shingo ndefu za sentimita 12 na zaidi. Walipanda vizuri na walipenya kati ya miti bila kugusa. Lakini kwenye mteremko uzito wote ulikuwa mbele, na jiwe dogo lilitosha kumpindua mtu kichwa chini miguu juu.

Baadaye shokapu zikawa bora, breki za sahani zikaenea, kasi ya kuteremka ikaongezeka, na mtindo ukageuka tena. Usukani ukafika milimita 680, kisha 720, kisha 760. Na sasa baiskeli nyingi za vijia hutoka kiwandani na mti wa milimita 780 au 800. Kipimo kilichosifiwa katika miaka ya 1990 leo huchekwa. Katika muda wote huo mabega ya binadamu hayakupungua wala hayakuongezeka. Kilichobadilika ni fremu, ni kasi, na ni mtindo. Na hapa ndipo penye hoja yetu: fremu na kasi ni sababu za haki za kubadili usukani, lakini mtindo si sababu.

FAIDA NA HASARA YA UPANA

Tuutendee haki usukani mpana, kwa maana faida zake ni za kweli. Kwanza, ni kana ndefu: gurudumu la mbele likipigwa na jiwe na kutaka kugeuka upande, mikono iliyo mbali na katikati hulizuia kwa nguvu ndogo. Pili, hufanya usukani uwe mtulivu, kwa maana mtetemeko mdogo wa mkono haugeuki kuwa kona. Tatu, huwafanya wengi watoe viwiko nje na kuinamisha kifua, yaani mkao wa mtu aliye tayari.

Hasara huanza pale upana unapoyapita mabega. Mikono hunyooka, na mkono ulionyooka hauwezi tena kufanya kazi ya chemchemi. Mshindo wote hupita moja kwa moja mpaka begani na shingoni. Kwenye kona kali mkono wa nje hushindwa kufika, na mpandaji hulazimika kuuvuta mwili mzima kuufuata usukani. Kiganja hukaa upande, kikauegemea mti kwa ukingo wake wa nje, na mshipa wa fahamu unaopita hapo hubanwa. Ndipo kidole cha mwisho na jirani yake cha pete hufa ganzi. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hawezi kuivuta breki kwa kipimo. Fauka ya hayo, ncha ya usukani hugonga mti wa kandokando ya njia, na gurudumu hugeuka ghafula kabla mpandaji hajajua lililompata.

Sasa tazama nani hupata hasara hiyo. Hapati yule bwana mwenye urefu wa sentimita 185 na mabega kama mlango. Hupata dada mwenye sentimita 155, na kijana wa shule ambaye bado anakua. Viwanda vingi huuza baiskeli ndogo na kubwa kwa upana mmoja wa usukani au tofauti ndogo tu, kwa hoja kwamba mnunuzi aweza kuukata. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini mnunuzi haambiwi. Hupewa baiskeli, huumia mabega, huanguka mara mbili tatu, kisha hujiambia kwamba mchezo huu si wake. Huo ndio udhalimu mdogo tunaotaka kuuondoa: mtu kujilaumu kwa kosa la kipande cha bomba.

NAMNA YA KUJIPIMA

Kipimo cha kuanzia hakihitaji fedha. Lala kifudifudi sakafuni, weka viganja chini kama mtu anayetaka kujiinua kwa mikono, ujiinue mara kadhaa bila kufikiri, na uviache viganja vikae pale vinapopata nguvu. Mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja mpaka ukingo wa nje wa kingine. Hapo ndipo pa kuanzia. Wapandaji wengi wa vijia hutulia kati ya milimita 740 na 800. Mtu mfupi mwenye mabega membamba aghalabu hutulia kati ya 700 na 740. Lakini tarakimu hizi ni dira tu. Mwamuzi ni njia.

Kwa hiyo usikimbilie msumeno. Kilichokatwa hakirudi. Kwanza legeza mipira ya kushikia na mikono ya breki, uisogeze ndani kwa milimita 10 kila upande, uache ncha za bomba zimezibwa, kisha upande katika njia tulivu isiyo na miti ya karibu. Siku chache zitakuonyesha kama mabega yamepumua au kama usukani umekuwa mwepesi mno na wenye wasiwasi. Ukiridhika, kata. Kata pande zote mbili sawasawa, milimita tano au kumi kwa mara moja, kwa msumeno wa chuma ulio mkali, ulainishe kingo kwa tupa. Kabla ya kukata, hakikisha kwamba sehemu iliyonyooka itakayobaki yatosha mpira, breki na gia. Baadhi ya sukani hupinda mapema na haziruhusu kukatwa sana.

Neno moja kuhusu zile ncha. Bomba lililo wazi mwishoni ni kisu cha duara. Mtoto akianguka na usukani ukageuka, ncha ile humchoma tumboni, na madaktari wanayajua majeraha ya ini na wengu yanayotokana nayo. Kizibo cha plastiki ni kitu cha bei ndogo sana, na mpira uliochanika mwishoni ni wa kubadilishwa siku ile ile.

MWINUKO NA MKUNJO

Upana si habari yote. Usukani una mwinuko, yaani kimo ambacho ncha zake hupanda juu kutoka pale katikati unapofungwa. Iko iliyonyooka kabisa, na iko ya milimita 20, 30, 40 na zaidi. Usukani wa chini huweka uzito juu ya gurudumu la mbele, na humfaa apandaye vilima kwa wingi, kwa maana gurudumu halinyanyuki. Usukani wa juu humfaa ateremkaye, kwa maana humrudisha nyuma na kumpa moyo penye miporomoko. Ukiona gurudumu la mbele linateleza kwenye kona za tambarare, huenda usukani umekuwa juu mno. Ukiona kila mteremko unakusukuma mbele na viganja vyauma, huenda uko chini mno.

Zile pete ziwekwazo chini ya shingo ya usukani nazo huinua, lakini zina hila yake. Bomba la mbele la fremu limelala nyuma. Kwa hiyo pete ikiongezwa, usukani hupanda na pia husogea kuelekea kwa mpandaji. Kwa fremu ya siku hizi yenye mlalo wa digrii 65, pete ya milimita 10 huinua kiasi cha milimita tisa na hurudisha nyuma kiasi cha milimita nne. Ni kidogo, lakini vidogo vitatu vikikutana mwili huviona.

Upo pia mkunjo. Wasomaji wetu wanaijua vyema baiskeli nyeusi ya mzigo, iwe Raleigh ya Uingereza au Phoenix ya Uchina. Usukani wake hurudi nyuma mno, na ncha zake karibu zamwelekea mpandaji. Mkao ule ni wa raha kwa kifundo cha mkono, lakini haumwezeshi mtu kuinama na kusukuma gurudumu kwenye kona. Usukani wa vijia hurudi nyuma kwa digrii chache tu, kwa kawaida kati ya tano na tisa, na ncha zake huinuka kwa digrii nne hadi sita. Mwenye maumivu ya kifundo aweza kuutafuta ule wa digrii 12 au 16. Kabla ya kutumia fedha, legeza bolti na uuzungushe kidogo ule ulio nao mbele au nyuma; mara nyingi taabu yote ilikuwa ni fundi kuufunga ukiwa umelala vibaya.

Na usukani hauchaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na shingo yake. Ukiongeza upana, mikono hutanuka na kifua husogea mbele, kwa hiyo shingo yafaa ifupishwe. Ndiyo maana baiskeli za vijia za siku hizi zina shingo za milimita 35 hadi 50. Mtu akifunga usukani wa milimita 800 juu ya baiskeli ya miaka ya 1990 yenye shingo ndefu, amechukua taabu za zama mbili na kuziweka mahali pamoja.

VIPIMO NA MADINI

Pale unapofungwa shingoni, usukani huwa na unene wa milimita 25.4 kwa baiskeli za zamani, 31.8 kwa nyingi za sasa, na 35 kwa baadhi. Unene wa usukani na wa shingo ni lazima ulingane. Wapo wanaoziba tofauti kwa kipande cha kopo. Hao wanaufungia uhai wao kwa kopo. Pale pa kushikia, sukani za milimani huwa na milimita 22.2, na zile zilizopinda za baiskeli za lami ni milimita 23.8, kwa hiyo mikono ya breki ya moja haitoshei nyingine.

Kuhusu madini, alumini ndiyo chaguo la wengi, na ni chaguo zuri. Bei yake ni nafuu na huvumilia. Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na hupunguza mtetemeko mkononi, lakini ni ghali, na zikiisha kujeruhiwa kwa kuanguka au kwa kubanwa kupita kiasi, zaweza kukatika ghafula. Alumini nayo huchoka. Kila mshindo huacha ufa usioonekana, na baada ya miaka mingi ufa hukutana na ufa. Usukani wa alumini uliopinda haunyooshwi, hutupwa. Kuunyoosha ni kuuchosha mara ya pili.

Bolti hufungwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye shingo, aghalabu nyutoni-mita nne hadi sita. Fundi asiye na spana ya kupimia na akumbuke kwamba hiyo ni nguvu ndogo kuliko anavyodhani. Afunge bolti nne kwa zamu, kidogo kidogo, kwa njia ya msalaba, na uwazi wa juu na wa chini ubaki sawa isipokuwa kiwanda kimeagiza vingine.

BAISKELI ZA MTUMBA

Baiskeli nyingi za milimani zinazofika kwetu zimetumika kwanza nchi za mbali. Hatuna ugomvi na mtumba, lakini usukani wa mtumba una historia ambayo muuzaji haijui. Mnunuzi na amwombe fundi aufungue shingoni, autazame penye mwanga. Atafute mstari wa ufa, hasa pale shingo inapoishia na pale breki inapofungwa. Atazame kama kuna mkwaruzo mzito, au kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Akiona shaka, anunue mpya wa alumini wa bei ya kawaida. Rangi ya fremu yaweza kungoja. Usukani hauwezi.

Kwa ndugu mafundi tunalo ombi. Mteja mfupi akija kulalamika mabega, msimwambie azoee. Mpimeni. Kazi ya kukata bomba na kusogeza breki haichukui muda mrefu, na hakuna aibu kuupunguza usukani uliotoka kiwandani ukiwa mpana. Na walimu wa michezo na viongozi wa vilabu, kabla ya kumpeleka kijana mteremkoni, wamtazame kwanza akiwa amesimama juu ya baiskeli penye tambarare: viwiko vimekunjika au vimenyooka? Viganja vimelala sawa au vimeegemea ukingo? Majibu ya maswali hayo mawili yana faida kuliko hotuba ndefu juu ya ushujaa.

Wahenga walisema kwamba mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Mnunuzi aliyejipima mabega yake sakafuni huingia dukani akiwa na tarakimu yake mwenyewe, na muuzaji hawezi tena kumvika mtindo wa mtu mwingine. Kifaa ni cha kumtumikia mtu. Pale mtu anapoanza kukitumikia kifaa, kwa kuvumilia ganzi na kuficha maumivu ili asionekane mshamba, mambo yamepinduliwa, na mteremko hauna huruma na mambo yaliyopinduliwa. Basi kila mwenye baiskeli ya milimani na aitwae futi ya fundi cherehani leo jioni, kabla ya kuitwaa baiskeli kesho asubuhi.